Harusi ndani ya boma la Mjerumani

SWALI: Shikamoo. Mimi naishi Area C, Dodoma, na mwenzangu ni Mrangi wa Kondoa. Alisoma Scotland miaka miwili, na huko alihudhuria harusi ya rafiki yake iliyofanyika kwenye ngome ya kale. Tangu arudi haachi kuizungumzia. Tunafunga ndoa Oktoba, sote ni Wakatoliki, na tunataka sherehe ifanyike kwenye boma la Wajerumani, Kondoa au popote huku kanda ya kati, badala ya ukumbini. Kamati ina orodha ya watu 400 na inasema tumechanganyikiwa. Mama naye hataki, anasema pale watu walichapwa viboko, si mahali pa kupiga vigelegele. Je, inaruhusiwa? Tumwombe nani? Na watu 400 wataenea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikarabati majengo ya mawe miaka mingi kabla mgongo haujanigomea, na siku hizi nashauri watu wanaotaka kufanya shughuli kwenye majengo hayo hayo. Kama fundi, ningependa msiguse hata kokoto. Kama mzazi, nataka mcheze mpaka viatu vivuliwe. Jibu fupi, maana najua kamati inasubiri: inawezekana, ila si kwa watu 400, na si usiku.

Kabla ya kibali, kuna neno moja litakalowasumbua. Ukimwambia shangazi yako kwamba harusi yako ni bomani, atavuta kiti akae. Kwake ndoa ya bomani ni ile ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya: mashahidi wawili, saini, picha moja mlangoni, na minong'ono kwamba labda wazazi walikataa. Nimewahi kuona kadi iliyoandikwa "sherehe itafanyika Boma", basi. Wageni kadhaa walijikuta nje ya ofisi za wilaya Jumamosi, wamebeba zawadi, wanamuuliza mlinzi ukumbi uko upande gani. Andikeni "boma la kale", na chini yake mtaa na alama ya kuelekeza. Neno lenyewe halina kosa. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaingia kwenye majengo yale yale, kisha serikali yetu, na watu wakaendelea kuita ofisi ya serikali bomani hata ilipohamia kwenye jengo la matofali ya saruji.

Mwenzako naye aelewe kwamba anachokitafuta si kitu kimoja na alichokiona. Ngome nyingi za Scotland zilikuwa makazi ya mabwana wenye ardhi. Watu walizaliwa humo, wakaoa humo, wengine wakazikwa humo, kwa hiyo zina kumbi za karamu, majiko, visima, na nyingine hata kanisa. Boma letu lilijengwa kwa kazi nyingine kabisa: kulaza askari, kutunza bunduki na nafaka, kufungia watu, na kupokea kodi. Uani wake ni wa gwaride. Vyumba ni vyembamba, madirisha ni madogo na yako juu, na lango ni moja kwa makusudi, ili anayeingia aonekane. Ukilitazama kwa macho ya mpambaji wa harusi, ni jengo lenye sura nzuri nje na lisilo na nafasi ndani. Hata huko kwao mambo si makubwa kama picha zinavyoonyesha. Ndani ya ngome ya Edinburgh kuna kikanisa cha Mtakatifu Margaret, cha karne ya 12, na watu bado wanafungia ndoa humo, lakini hakiingizi hata wanakamati wako wakija na wenzi wao. Wanaooa pale huingia na watu wachache, kisha huenda kula mahali pengine. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa ruhusa. Kosa la kawaida ni kwenda kumwona mtu mnayemfahamu, akasema "hakuna shida", mkaanza kuchapa kadi. Anzeni kwa swali moja: jengo ni la nani leo? Maboma mengi yako mikononi mwa serikali kuu au halmashauri, mengine yana ofisi zinazofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, mengine yako chini ya taasisi za dini au makumbusho. Mwenye jengo ndiye wa kuandikiwa barua. Likiwa la halmashauri, barua inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji. Likiwa la ofisi ya wilaya, inapitia kwa Katibu Tawala.

Swali la pili: je, boma hilo limetangazwa kuwa urithi unaolindwa? Hapa watu wengi hukosea, hata wasomi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda kwa umri majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Wajerumani walianza kuitwaa nchi hii miaka ya 1880, kwa hiyo hakuna boma lao hata moja linalofikia umri huo. Linalindwa pale tu linapotangazwa rasmi. Kama lako limetangazwa, ruhusa ya mwenye jengo haitoshi, lazima Idara ya Mambo ya Kale, ambayo iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ijue mnachotaka kufanya. Wizara iko hapo hapo Dodoma, nenda mwenyewe na nakala ya barua, usisubiri majibu ya simu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na iseme vitu, isiwe ya kubembeleza. Tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu, mtakachoweka uani, umeme unatoka wapi, nani atafagia, na nani atalipa kitu kikivunjika. Ambatisha mchoro wa mkono. Nimeona maombi ya kurasa nne yenye maua pembeni yakikaa mezani miezi, na ukurasa mmoja wenye mchoro wa kalamu ya risasi ukasainiwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu afisa aliona anachosaini. Malipo ya serikali huja na kontrol namba. Anayekuambia "nirushie kwenye simu yangu", muage kwa heshima. Halafu kuna kibali cha sherehe cha kawaida, cha kata na ofisi ya utamaduni, pamoja na kutoa taarifa polisi, ambacho mngekihitaji hata kwa harusi ya uani kwenu. Mpiga picha wenu akitaka kurusha droni, awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Maboma yako jirani na ofisi za serikali na mara nyingine vituo vya polisi, na droni isiyo na kibali itageuza harusi kuwa maelezo ya kituoni.

Kuhusu ndoa yenyewe, ninyi mna wepesi wake na ugumu wake. Kwa Wakatoliki ndoa hufungwa kanisani, na mahali pengine pafaapo ni kwa ruhusa ya askofu. Msipoteze nguvu zenu huko. Fungeni ndoa parokiani asubuhi, boma liwe la mchana. Wasomaji Waislamu wana nafasi zaidi, kwani nikahi haidai jengo maalumu. Wanaotaka ndoa ya kiserikali wakumbuke notisi ya siku 21 kwa msajili, na wamuulize mapema kama atakubali kuja mpaka uani kwa boma au wao ndio watamfuata ofisini.

Sasa mama yako, kwa maana swali lake ndilo zito kuliko yote, na nimeona vijana wengi wakilipita kwa kusema "hayo ni ya zamani".

Mama yako anasema kweli. Bibi zetu waliwaita Wajerumani watu wa hamsa ishirini, kwa sababu viboko 25 vilikuwa adhabu ya kila siku, na vilichapwa kwenye nyua hizi hizi mnazotaka kutandika zulia jekundu. Kodi ya kibanda ilipoanza 1898, aliyeshindwa kulipa alifanyishwa kazi. Kondoa ina yake zaidi. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Afrika Kusini lililopigana upande wa Mwingereza chini ya Jenerali van Deventer liliingia mjini, na Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akajaribu kuurudisha akashindwa, huku mvua zikiwanyeshea wote. Wenyeji walibeba mizigo ya pande zote mbili. Na huku Ugogo ng'ombe na nafaka zilipokwisha kuchukuliwa na majeshi, na vijana kutwaliwa upagazi, mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Waulize wazee wa Chamwino au Bahi, jina hilo halijafutika. Kwa hiyo mama akisema hapo si pa vigelegele, ana ushahidi.

Nisingemshawishi kwa maneno. Ningempeleka. Nendeni naye siku ya kazi, bila mpiga picha, mkae uani, mumwachie aseme anachotaka kusema. Kisha mumuulize yeye ndiye aseme nini kifanyike kwanza siku ile. Katika shughuli moja niliyoisimamia, baba wa bibi harusi alikataa kata kata kupita langoni. Tulichofanya ni kubadilisha mpangilio: badala ya maharusi kuingia kwanza na muziki wa spika, waliingia wanawake wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, ngoma mapajani, wakipiga polepole kupitia lango lile lile la askari, na nyuma yao wazee. Mzee mmoja akasimama katikati akataja majina ya watu wa ukoo waliowahi kufungwa humo, akayataja yote, ilichukua kama dakika kumi, hakuna aliyekohoa. Ndipo maharusi wakaitwa. Baba yule alikuwa ameshaingia, sikumwona alipoingia. Mama yako akikataa hata baada ya hapo, achaneni na boma. Harusi isiyo na mama langoni haina picha nzuri popote.

Watu 400. Chukueni siku moja mkapime uani kwa hatua. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Uani wa hatua 30 kwa 30 ni mita za mraba kama 500. Mgeni anayekaa mezani, pamoja na kiti chake na njia ya mhudumu, anakula mita za mraba moja na nusu hadi mbili. Toa meza kuu, jukwaa, keki, sehemu ya kucheza na meza za bafe, zinabaki nafasi za watu 150 wakibanana. Na lango ni moja. Siku zote nawaambia watu wafikirie moto, au hata mtu mmoja kuzimia: watu 400 na tundu moja la kutokea ni hatari ambayo hakuna mapambo yatakayoifunika. Maboma hayakujengwa watu watoke kwa haraka.

Ndiyo maana nasema msilete ukumbi ndani ya boma. Gaweni siku, kama wale wanaooa Edinburgh. Misa saa nne asubuhi. Boma kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na mbili, watu 60 mpaka 80: wazazi, wazee, mashahidi, marafiki wa karibu. Hapo wekeni baraka za wazee, ngoma, keki na picha, na kitu chepesi cha kutafuna. Zabibu za msimu wa pili huwa zimevunwa Agosti na Septemba, mvinyo wa nyumbani hautakosekana. Kisha saa moja usiku wote 400 ukumbini, pilau, MC, michango ikizaa matunda yake. Kamati itafurahi kwa sababu ukumbi wao umebaki, ninyi mtafurahi kwa sababu muda ule bora wa jioni ni wenu. Utata pekee ni nani anaingia kwenye wale 80. Hapo sikusaidii, ni vita ya familia zenu.

Kwa nini saa tisa na nusu? Mwanga. Kanda yetu Oktoba jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia saa kumi jioni ukuta wa chokaa unaoangalia magharibi unageuka rangi ya asali, na mpiga picha hahitaji taa hata moja. Saa saba mchana ukuta huo huo ni mweupe wa kuumiza macho na kila mtu anakunja uso. Oktoba mmechagua vizuri kwa upande wa mvua, kwani mvua zetu huanza kushika Desemba, lakini ni mwezi wa vumbi na upepo. Upepo wetu hutoka mashariki na kusini mashariki. Jenereta na majiko viwe upande wa magharibi wa watu, na shela ndefu ya mita tatu, mwanangu, fikiria tena.

Kuhusu ukuta wenyewe nitakuwa mkali. Kuta hizi kwa kawaida ni mawe yaliyofungwa kwa udongo au chokaa, na juu yake plasta ya chokaa. Zinapumua: unyevu unaingia na kutoka. Ukipiga msumari mmoja wa kushikia kitambaa, plasta haitoki kwa ukubwa wa msumari, inatoka kama chapati. Na yule fundi mtakayemwita Jumatatu kuziba kwa saruji ndiye atakayemaliza kazi ya kuua ukuta, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani na jiwe linaanza kuoza nyuma yake. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna mishumaa ukutani. Mpambaji alete fremu zinazosimama zenyewe. Maturubai yasipigiwe vigingi uani, kwani chini kuna mifereji ya zamani na msingi. Fungeni kamba kwenye madumu ya maji au mifuko ya mchanga. Hakuna mtu kupanda juu ya ukuta kwa ajili ya picha, hasa bestman, nao ndio hupanda. Vyoo leteni vya kuhamishika, hesabu kimoja kwa watu 40 au 50, na boza la maji liagizwe siku moja kabla.

Na spika. Besi kubwa ndani ya uani wa mawe inarudi mara mbili: ukuta unairudisha, nayo inautikisa ukuta. Mara ya mwisho nilipokubali besi, vumbi la plasta lilianza kudondoka kwenye sahani za wageni kabla wimbo wa pili haujaisha. Muziki wa boma uwe wa zeze, ngoma na sauti za watu. Utawatosha watu 80.

Kama Kondoa itashindikana, tazameni Kilimatinde, kando kidogo ya barabara ya Dodoma kwenda Manyoni. Wajerumani walikuwa na kituo cha kijeshi pale ukingoni mwa Bonde la Ufa, na ukisimama ukingoni unaona bonde la Bahi lote limelala chini yako. Kwa mtazamo pekee, hakuna ngome ya Scotland inayopashinda. Mpwapwa nayo ilikuwa kituo cha misafara ya pwani kabla Wajerumani hawajajenga, na watu wa Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, walikishambulia kituo chao 1889. Anayetaka jengo lililozoea wageni aende Iringa kwa njia ya Mtera: boma la huko, lililojengwa 1900, ni makumbusho tangu 2016. Tabora kuna tembe, yaani nyumba ya paa bapa, la Kwihara, alikokaa Livingstone mpaka Agosti 1872, lenye milango ya nakshi. Ni pazuri, ila ni makumbusho ya njia ya misafara ya watumwa, na mama yako atakuwa na maneno huko pia. Wageni wa Dar sasa wanafika Dodoma kwa treni ya SGR, na kutoka Dodoma mpaka Kondoa ni lami, kama kilomita 160.

Jambo moja nawakataza moja kwa moja, kwa kuwa mtakuwa Kondoa na mtu atalipendekeza: msipeleke sherehe kwenye michoro ya mapangoni ya Kolo. Ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na baadhi ya miamba bado ni mahali pa matambiko ya wenyeji. Nendeni maharusi wawili na mwongoza wageni kesho yake, mtembee, mtazame. Mtu akiwaambia mmwagie maji mchoro ili rangi ionekane kwenye picha, mnyang'anyeni chupa. Ndivyo michoro mingi ilivyofifia.

La mwisho ni popo. Kila boma lenye dari ya zamani lina popo, na mengine yana nyuki kwenye nyufa. Kwenye harusi ile ya besi, saa kumi na mbili na dakika arobaini walitoka wote kwa pamoja kupitia tundu moja juu ya meza kuu, mamia, na bibi mmoja akajifunika kanga akaanza kusali kwa sauti. Mpambaji hatajua habari hizi, mkurugenzi hatajua. Mlinzi wa usiku anajua. Mkienda kupima uani, mtafuteni, mpeni soda, mumuulize popo wanatokea upande gani na saa ngapi, na nyuki wako ukuta upi. Kisha mnitumie mchoro wenu wa hatua, nami nitawaambia meza ya keki ikae wapi.